Udongo Ungali Maji: Kuandaa Noeli Pamoja na Watoto Wadogo

Jumapili ya Kwanza ya Majilio



Wapendwa wasikilizaji, leo Mama Kanisa anaufungua mwaka mpya wa Liturujia. Padre amevaa zambarau altareni, wimbo wa Utukufu umenyamaza, na Injili inatuonya tukae macho kama watumishi wanaomngoja bwana wao. Majilio yameingia. Kipindi hiki ni kifupi: kikirefuka sana huwa na siku 28, na kikifupika huwa na siku 22 tu. Kwa hiyo lolote tunalotaka kulifanya ili kumpokea Bwana, hatuna budi kulianza leo.

Katika mazungumzo yetu ya leo tunataka kuwatazama watoto wadogo, wale wa miaka mitatu, minne, hata minane, ambao wengi wao hawajaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Hao nao wanaingoja Noeli, tena pengine wanaingoja kwa hamu kuliko sisi. Lakini wanangoja nini hasa?

Tuseme kweli mbele ya Mungu. Wengi wanangoja nguo mpya, viatu, soda na wali wa nyama. Si vibaya. Furaha ya sikukuu ni halali, na baba aliyehangaika mwezi mzima hata akampatia binti yake gauni ametenda tendo la upendo. Hata hivyo, sisi tunaohudumu parokiani tumeuona pia upande wa pili wa furaha hiyo. Asubuhi ya Noeli wako watoto wanaopita barabarani wamependeza, na wako wengine wanaochungulia kutoka nyuma ya nyumba. Ukiuliza kwa nini hawaji kanisani, mama yao hujibu kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu hawakupata nguo. Basi sikukuu ya Mungu aliyezaliwa katika umaskini, akaviringishwa vitambaa na kulazwa horini, imegeuka kuwa siku ambayo mtoto maskini huona haya kuja kumwona. Wapendwa, hilo ni jambo zito. Mahali fulani katika malezi yetu tumeacha pengo, nalo duka limeingia kuliziba.

Tutaliziba pengo hilo kwa kitu gani? Tufungue Maandiko Matakatifu. Waisraeli walipokuwa karibu kutoka Misri, Musa aliwaagiza namna ya kuadhimisha Pasaka: mwanakondoo, mikate isiyotiwa chachu, damu juu ya miimo ya milango. Kisha akaongeza agizo ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Alisema kwamba itafika siku watoto watawauliza wazazi maana ya ibada hiyo, na wazazi wawaeleze jinsi Bwana alivyowaokoa. Vivyo hivyo Yoshua, baada ya kuvuka mto Yordani, aliamuru mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa nchi kavu, ili watoto wayaonapo waulize habari zake. Hata leo, katika mlo wa Pasaka ya Wayahudi, ni desturi mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, na wakubwa humjibu.

Tuzingatie mpango huo wa Mungu. Mtoto hakuwekwa kwanza mbele ya mafundisho marefu. Aliwekewa mbele ya macho yake kitu: jiwe, mkate, damu mlangoni. Kitu kile kikazaa swali, na swali likamfungua mzazi kinywa. Mtoto mdogo hulijua neno kwa njia ya mikono, macho na pua kabla hajalijua kwa akili. Nyumba isiyo na kitu chochote cha kumfanya mtoto aulize, itamkosesha mtoto swali. Na mtoto asiyeuliza, ni nani atakayemjibu?

Tena tuangalie nani aliyepewa kazi ya kujibu. Musa hakusema, watoto wakiuliza, wapelekeni kwa kuhani. Alisema, ninyi mtawajibu. Siku hizi mtoto akimwuliza baba kwa nini tunawasha mshumaa, baba husema, "Kamwulize katekista." Ndugu zetu makatekista wanafanya kazi kubwa, mara nyingi kwa malipo madogo au bila malipo yoyote. Lakini wiki ina saa 168. Katekista humpata mtoto saa moja, au mbili akibahatika. Saa zilizobaki zi mikononi mwa nyumba. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani, na kuwataja wazazi kuwa wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao.

Basi, tutaweka kitu gani nyumbani katika Majilio haya? Kanisa linacho kitu cha kale, rahisi, kisichohitaji fedha, nacho ni pango la Noeli.

Wengi wetu tunaijua habari ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, yapata siku kumi na tano kabla ya Noeli, alimwita rafiki yake mmoja wa kijiji cha Greccio, katika nchi ya Italia, akamwomba amtayarishie hori lenye nyasi, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake ya mwili jinsi Mtoto yule alivyokosa hata mahitaji ya kawaida ya mtoto mchanga. Usiku wa Noeli wanakijiji walipanda kilimani wakiwa na mishumaa na mienge. Misa ikaadhimishwa pale juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaiimba Injili na kuhubiri. Hapakuwa na sanamu za thamani. Palikuwa na nyasi, wanyama wa wakulima, na watu maskini waliotoka wakiwa na furaha. Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 1 Desemba 2019, alikwenda Greccio yenyewe, na hapo akatia sahihi barua yake juu ya pango la Noeli, akitia moyo desturi hiyo katika familia, mashuleni, hospitalini, magerezani na hata viwanjani.

Tukumbuke basi kwamba pango la kwanza lilitengenezwa kwa vitu vya pale kijijini. Na sisi tutumie vya kwetu. Anayeishi penye migomba anayo majani makavu na maganda ya mgomba ya kuezekea kibanda. Anayeishi pwani anayo makuti na vifuu. Anayelima mahindi anayo mabua, ambayo watoto wetu wanayajua vema kwa kutengenezea magari. Na karibu kila mahali pana udongo: udongo wa mfinyanzi wa bondeni, au udongo wa kichuguu.

Kazi hii ya udongo tuifanye pamoja na watoto, nayo ina taratibu zake. Udongo utwangwe, uchekechwe ili mawe na mizizi itoke, kisha ulowekwe usiku kucha. Kesho yake ukandwe kama unga wa chapati mpaka ulainike na usishike vidole. Ukiwa mnato mno, uchanganywe na mchanga laini kidogo, ili usipasuke wakati wa kukauka. Tusitie kijiti ndani ya sanamu kwa kudhani kwamba tutaipa nguvu, kwa maana udongo hupungua unapokauka, bali kijiti hakipungui, na hapo ndipo ufa hutokea. Miguu ya punda huvunjika upesi. Mtoto na amfinyange punda aliyelala. Yusufu na Maria wawe wanene chini kama chungu, wapate kusimama. Vyote vikaushwe polepole kivulini kwa siku kadhaa, visianikwe juani.

Kazi ya mtoto haitakuwa nzuri. Kondoo wake atafanana na kiazi, na Yusufu atakuwa na kichwa kikubwa kuliko mwili. Tunawasihi wazazi wasiisahihishe. Wasichukue udongo mikononi mwa mtoto wakasema, "Lete nikufanyie." Mungu mwenyewe alipotaka kutuumba aliinama akashika mavumbi ya ardhi. Mtoto anayefinyanga mwanakondoo anajifunza, bila kujua, ukurasa wa kwanza wa imani yetu: kwamba kuna mikono iliyotufanya, na mikono hiyo inatupenda hata tukiwa na vichwa vikubwa. Wazee wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Walisema juu ya malezi, wala hawakukosea.

Hapa tuna neno kwa akina baba. Baadhi yenu mtasema hii ni michezo ya watoto na wanawake. Tumtazame Mtakatifu Yusufu. Injili haikutuandikia hata neno moja alilolitamka, lakini ilituandikia kwamba alikuwa fundi. Malezi yake kwa Yesu yalipita katika mikono yake. Baba anayekata mabua manne na kusimamisha kibanda cha pango, huku mtoto wake akimshikia kamba, anafundisha katekesi ambayo mtoto hataisahau. Na baba aliyezoea kurudi nyumbani watoto wamekwisha kulala, na atenge jioni moja tu katika Majilio haya. Jioni moja si nyingi.

Kibanda kikisha kusimama, tusiweke kila kitu siku hiyo hiyo. Majilio ni kungoja, na mtoto hujifunza kungoja kwa kuona mahali patupu. Hori na liwe tupu. Yusufu na Maria wawekwe mbali, pengine karibu na mlango wa jikoni, na kila jioni baada ya sala mtoto mmoja awasogeze hatua moja kuelekea Bethlehemu. Mwambieni mtoto kwamba kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni safari ya zaidi ya kilomita 100, yaani karibu sawa na kutembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze, na kwamba mama huyo alikuwa mjamzito. Mtamsikia akiuliza, "Hakuwa na nauli?" Hilo ndilo swali tulilokuwa tukilitafuta. Hapo mzazi atamweleza habari ya amri ya Kaisari, habari ya watu wasio na uwezo wa kukataa amri, na habari ya Mungu aliyechagua kutembea pamoja nao.

Kuhusu hori lenyewe iko desturi nzuri inayofuatwa na familia nyingi za Kikristo. Kila jioni mtoto huulizwa kama leo ametenda jema lolote: amemchotea bibi maji, amemgawia mdogo wake embe, amesamehe aliyempiga. Akiwa nalo, huweka unyasi mmoja ndani ya hori, ili Mtoto Yesu apate mahali laini pa kulala. Mtoto asiyekuwa na tendo jema siku hiyo asiaibishwe, kesho ipo. Na wazazi nao waweke nyasi zao. Ikiwa baba na mama wamegombana, na watoto wamesikia, basi jioni ile mtoto atawatazama wote wawili kuona ni nani atakayeweka unyasi kwanza. Wapendwa, mahubiri yetu sisi mapadre hayana nguvu kama jioni hiyo.

Twaweza pia kuongeza mishumaa ya Majilio. Desturi hii tuliipokea kutoka kwa ndugu zetu Walutheri. Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mchungaji mmoja aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akitunza watoto maskini. Kila siku watoto walimwuliza Noeli imebakiza siku ngapi. Mwaka 1839 alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo kwa siku za kawaida na mikubwa minne kwa Jumapili, wakawa wakiwasha mmoja kila siku. Leo sisi huweka minne tu, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa ajili ya Jumapili ya Tatu, Jumapili ya furaha. Kama mishumaa ya rangi haipatikani, ya kawaida yatosha. Mtoto na aifunge kitambaa au karatasi ya rangi kwenye shina la kopo. Hata hivyo tuwe na hadhari. Mshumaa usimamishwe ndani ya kopo lenye mchanga, mbali na makuti na maganda ya migomba, uwashwe mbele ya mtu mzima, na uzimwe sala inapokwisha. Majani makavu hushika moto kwa kufumba na kufumbua.

Na mapambo? Hatuhitaji mti wa plastiki wenye theluji ya pamba. Theluji haiko katika Injili, na Desemba yetu ina uzuri wake. Embe zimeiva sehemu nyingi, na ule mti wenye maua mekundu, ambao watu wengi huuita mkrismasi, umewaka kote vijijini na mijini. Mtoto na alete tawi lake. Na ajue kwamba uumbaji wa nchi yake mwenyewe unamshangilia Bwana.

Sasa tufike usiku wenyewe wa tarehe 24. Siku hiyo mtoto mdogo kuliko wote ndiye atakayemlaza Yesu horini. Lakini kwanza anahitaji kumviringisha, na hapa tunawaomba akina mama wafanye jambo moja. Tafuteni ile kanga kuukuu mliyombebea mtoto huyo mgongoni. Kateni pembe yake ndogo, mpeni mtoto, amviringishe nayo Yesu wa udongo. Wakati anafanya hivyo, msimulieni habari ya usiku aliozaliwa yeye mwenyewe: mvua ilikuwa ikinyesha au la, nani alimwita mkunga, baba alisimama wapi, bibi alisema nini alipomwona. Hakuna mtoto asiyependa kuisikia habari hiyo. Akiisikia mbele ya hori, ataelewa kwamba Mungu naye alikuwa na usiku wake wa kuzaliwa, na mama yake, na kitambaa chake. Fumbo la Umwilisho litakuwa limeingia moyoni mwake kabla hajaweza kulitamka jina lake.

Tunajua kwamba wengi wanaotusikiliza ni bibi na babu, mashangazi na wajomba, mnaolea watoto ambao wazazi wao wamefariki au wako mbali. Ninyi msimulieni mtoto siku ile mlipompokea. Mwambieni alivyoletwa, alivyokuwa amelala, nanyi mlivyosema, "Huyu ni wetu." Yusufu naye alimpokea Mtoto ambaye hakumzaa, akampa jina na nyumba. Na pale ambapo kifo kimepita mwaka huu, kiti kimoja kitakuwa kitupu usiku huo. Msikifiche kwa watoto. Mwacheni mtoto afinyange mchungaji mmoja zaidi kwa ajili ya marehemu, amweke karibu kabisa na hori. Ataomba kwa vidole vyake sala ambayo midomo yake haiwezi.

Maandiko yanatuonyesha mara nyingi upendo wa wazazi unaopita mikononi. Mama yake Musa alichukua kisafina cha mafunjo, akakipaka lami, akamlaza mwanawe humo. Hana, mama yake Samweli, baada ya kumtoa mtoto wake hekaluni, alimshonea kanzu ndogo, akampelekea mwaka baada ya mwaka. Tuliangalie neno hilo, mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka ilimbidi akadirie ni kiasi gani mtoto amekua. Vivyo hivyo pango la nyumbani. Mwaka huu mtoto anafinyanga kiazi, mwaka ujao kitakuwa na masikio, na mwaka wa tatu kitakuwa kondoo. Vihifadhiwe vyote sandukuni. Siku moja, akiwa na nyumba yake, atamwonyesha mtoto wake kiazi kile.

Tuwageukie sasa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, maana habari ya watoto wanaojificha siku ya Noeli bado hatujaimaliza. Tunawaletea pendekezo. Katika Jumapili hizi nne waambieni watoto wote, wa Utoto Mtakatifu na wasio wa Utoto Mtakatifu, kwamba pango la kanisani halitakuwa na kondoo wa kununuliwa. Kila mtoto atamleta wake aliyemfinyanga, naye atamweka kwa mkono wake mwenyewe kabla ya Misa ya Noeli. Nendeni nyumba kwa nyumba katika jumuiya zenu, hasa zile mnazojua kwamba mwaka umekuwa mgumu, mkahakikishe kwamba mtoto wa nyumba hiyo anao udongo na anaye kondoo. Kisha mwambieni, "Tunakungoja, bila wako kundi halijatimia."

Wapendwa, mtoto anayengojwa haoni haya. Atakuja na kaptula yake ya shule iliyofuliwa vizuri, kwa sababu amebeba kitu mkononi na anayo kazi ya kufanya. Na mtoto mwenye gauni jipya atapanga foleni nyuma yake, akiwa naye amebeba udongo. Mbele ya hori watakuwa sawa. Wachungaji wa Bethlehemu walikuja na nguo zao za kazi, zikinuka kondoo, na malaika hawakuwaambia wakabadilishe kwanza.

Huenda mtu akauliza, Je, tuwanyime watoto nguo mpya? La, hasha. Anayeweza kununua na anunue kwa shukrani, na anayeweza kununua mbili amfikirie mtoto wa jirani. Tunachosema ni kwamba nguo isiwe ndiyo mlango wa Noeli. Nguo huchakaa kabla ya Pasaka. Alichokitengeneza mtoto kwa mikono yake pamoja na wazazi wake, na jibu alilopewa siku ile alipouliza, havichakai upesi hivyo.

Wala kazi hii haiishii Noeli. Mamajusi watembee polepole kutoka dirishani hadi wafike pangoni siku ya Tokeo la Bwana. Siku hiyo, kama wafanyavyo Wakristo wa nchi nyingi, baba aweza kuandika juu ya mlango kwa chaki tarakimu za mwaka na herufi C, M na B, ambazo watu huzisoma kuwa ni majina ya Mamajusi, nazo pia ni mwanzo wa maneno ya Kilatini ya kumwomba Kristo aibariki nyumba. Jumapili ya Matawi watoto wasuke misalaba kwa majani ya mitende. Iwekwe ukutani, na mwaka unaofuata, kabla ya Kwaresima, mtoto mwenyewe airudishe parokiani ikachomwe kuwa majivu ya Jumatano ya Majivu. Na mchana wa sikukuu, sahani iliyofunikwa kawa na kupelekwa kwa jirani, awe Mkristo au Mwislamu, ibebwe na mtoto. Hivyo mwaka mzima utakuwa na kitu cha kushika, na kitu cha kuuliza.

Tunawaachia basi kazi tatu za wiki hii. Ya kwanza: kabla ya Jumapili ijayo, chimbeni udongo na kuuloweka. Ya pili: wekeni hori tupu mahali ambapo mtoto ataliona kila siku. Ya tatu: mtoto akiuliza, mjibuni ninyi wenyewe, hata kama jibu lenu ni fupi. Mkikwama, semeni, "Twende tukaulize pamoja," kisha mwende.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekubali kulishwa, kuviringishwa na kubebwa mgongoni mwa ulimwengu wetu, ubariki mikono midogo itakayokutengenezea mahali siku hizi. Uwape wazazi saburi ya kungoja na maneno ya kujibu. Uwatazame watoto wasio na nguo, na wale wasio na wazazi, wasikose mtu wa kuwaita kwa jina asubuhi ya kuzaliwa kwako. Na sisi sote utufinyange upya, tungali udongo mikononi mwako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tunawatakia nyote Majilio mema.